Tanga na Baiskeli: Vyombo vya Kuijua Nchi

Lipo jambo moja ambalo sisi watumishi wa umma, walimu na waandishi hatuna budi kulitazama bila ya haya. Tunaitumikia nchi ambayo wengi wetu hatuijui. Majina ya wilaya tunayajua, idadi ya kata tunaijua, na takwimu zilizomo katika majalada tunaweza kuzitaja hata usingizini. Lakini nchi yenyewe, ile yenye mawimbi, vumbi, miteremko na watu, tunaipita kwa gari lililofungwa vioo. Tukifika tuendako tunafungua mkutano, tunasoma hotuba, tunatia sahihi katika kitabu cha wageni, tunarudi kabla jua halijatua. Kisha tunaandika taarifa.

Mfano ulio wazi ni Mkoa wa Rukwa. Uwanda wa Ufipa umeinuka juu. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hapo juu, kuanzia mashamba ya Msanzi na Matai wilayani Kalambo hadi Chala na Namanyere wilayani Nkasi, watu hulima mahindi, ulezi, maharage na alizeti katika ardhi iliyo wazi na yenye baridi. Ukielekea magharibi, nchi hiyo hukatika ghafla na kuteremka kiasi cha meta 1,000 hadi kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kama meta 770 tu kutoka usawa wa bahari. Huko chini kuna joto, minazi na michikichi, kuna vijiji vilivyobanwa kati ya mlima na maji, na kuna watu ambao barabara yao kuu tangu enzi za mababu ni ziwa lenyewe. Kasanga, Kala, Wampembe, Ninde, Kipili, Kirando na Kabwe si majina ya vituo vya basi. Ni bandari na mialo.

Nchi hizi mbili, ya juu na ya chini, haziwezi kuishi mbalimbali. Juu kuna nafaka, chini kuna samaki. Vyombo vilivyozishikamanisha kwa miaka mingi, pamoja na miguu ya Wafipa wenyewe ambao walikuwa wafanyabiashara hodari wa masafa, ni viwili vya unyonge: chombo cha mbao majini na baiskeli nchi kavu. Mchuuzi hupokea dagaa mwaloni, hufunga mzigo wake juu ya baiskeli, akausukuma mlimani kwa saa nyingi, na akifika juu ndipo anapanda na kukanyaga. Mtu huyu anaijua Ufipa kuliko ramani yoyote iliyotundikwa ukutani ofisini. Anajua kila kijito kinachokatisha njia, kila kijiji chenye njaa mwezi wa Februari, na kila mahali ambapo daraja liliahidiwa na halikujengwa.

Nasi tunamtazamaje mtu huyo? Tunamtazama kama alama ya umaskini ambayo maendeleo yataifuta. Nimewahi kufika kwa baiskeli katika ofisi moja ya umma, ambayo jina lake halina faida hapa. Mlinzi alitazama magurudumu kabla hajanitazama uso, akanielekeza nyuma ya jengo, kwenye njia ya wapeleka mkaa. Aliyekuja nyuma yangu kwa gari aliamkiwa, akafunguliwa lango, wala hakuulizwa anamtaka nani. Simlaumu mlinzi. Somo lile alifundishwa na sisi. Ni kasumba ya kupima utu kwa chombo alichopanda mtu, nayo ni kasumba kongwe: mkoloni alibebwa kwa machela, na sisi tukaona kwamba ukubwa ni kubebwa.

Kwa mintarafu hiyo, nataka kutoa pendekezo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakalicheka. Napendekeza kwamba mtumishi wa umma na mwalimu wa Rukwa, angalau mara moja katika utumishi wake mkoani humo, atumie sehemu ya likizo yake kusafiri kwa tanga juu ya Ziwa Tanganyika na kwa baiskeli juu ya uwanda wa Ufipa. Sisemi aende kikazi, kwa posho na kwa msafara. Aende kwa hiari yake, kwa furaha, kama mtu aliye nchini mwake.

Wenzetu wa mbali hawalioni jambo hili kuwa kichekesho. Katika bahari za kaskazini mwa Ulaya, pwani za Norway, Sweden na Denmark, majira ya joto yakifika watu huchukua mashua za matanga na kutangatanga kisiwa hadi kisiwa. Wengi wao hupakia baiskeli ndani ya mashua, nyingine zikiwa za kukunjwa. Wakifunga kamba gatini huteremsha baiskeli, wakaenda kuona kanisa la kale, shamba, soko au mnara wa taa, kisha jioni wakarudi kulala chomboni. Si matajiri peke yao wafanyao hivyo. Walimu na mafundi wamo. Denmark ina visiwa zaidi ya 400, na nchi yenyewe ni tambarare kiasi kwamba mahali pake pa juu kabisa hapafiki meta 200. Mbunge wa huko akienda bungeni kwa baiskeli hakuna mlinzi amwelekezaye nyuma ya jengo. Norway nayo ilitunga sheria mwaka 1957 inayompa kila mtu haki ya kupita katika ardhi isiyolimwa, ili starehe ya kuizunguka nchi isiwe mali ya wenye mali.

Norway si ngeni kwa Rukwa. Katika miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa mfadhili wa mradi mkubwa wa maendeleo vijijini mkoani humu, uliojulikana kwa jina la RUDEP. Wataalamu wake walikuja, wakafanya kazi, wakaondoka. Tulipokea kutoka kwao fedha na mashine. Sijui kama tuliwahi kuwauliza kwa nini watu wa nchi tajiri namna ile hupenda kwenda kwa miguu, kwa tanga na kwa baiskeli wanapokuwa na hiari ya kuchagua. Lau tungeuliza, huenda wangejibu kwamba pwani yao, kama yetu, ni mlima ulioingia majini, na kwamba umoja wa taifa lao ulijengwa kwa vyombo vya majini. Tangu mwaka 1893 meli za njia ya pwani wanayoiita Hurtigruten zimekuwa zikipita bandari moja baada ya nyingine, zikichukua barua, abiria na mizigo.

Hata hivyo, sitaki tuige Ulaya. Hatuna haja. Tanga katika Ziwa Tanganyika lina historia yetu wenyewe, na ni aibu kwamba mwalimu wa historia anaweza kufundisha Sumbawanga miaka kumi bila kuitaja. Wenyeji wa kandokando ya ziwa walikuwa na mitumbwi yao na makasia yao tangu kale. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika Ujiji wakitoka pwani ya Bahari ya Hindi walileta ufundi wa kuunda majahazi na madau, pamoja na tanga la pembe tatu. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 hawakupata jahazi la kuwavusha. Ilimlazimu Speke avuke kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa pili wa ziwa, kwenda kumbembeleza mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim amkodishe jahazi lake, na akarudi mikono mitupu. Baadaye wageni wengine walizunguka maji hayo kwa matanga na makasia: Cameron mwaka 1874, Stanley mwaka 1876 katika mashua iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi, na Hore, baharia wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878. Vitabu vinawataja wao. Walioshika usukani, waliojua mahali pa kujificha dhoruba inapokuja, walikuwa watu wetu.

Hata meli maarufu ya ziwa hilo ina fundisho. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa Julai 1916 karibu na mlango wa mto Malagarasi; Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo Livingstone alilisikia mwaka 1867 kuwa jina la sehemu ya kusini ya ziwa. Meli hiyo ilihudumia pwani ya Rukwa kwa vizazi vitatu. Mwaka 2018 iliposimama kungoja matengenezo makubwa, wananchi wa Wampembe na Ninde walirudi kwenye vyombo vya mbao kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Ni wangapi kati yetu, tulio katika maofisi ya juu mlimani, tulihisi uzito wa jambo hilo kwa viuno vyetu wenyewe, tukiwa tumekaa saa nane juu ya ubao?

Sasa tuitazame safari yenyewe, maana pendekezo lisilo na njia ni porojo. Mzunguko upo tayari, umechorwa na maumbile. Msafiri anaondoka Sumbawanga kwa baiskeli, anapita Matai, anateremka hadi bandari ya Kasanga kwa barabara ya lami ya kilomita 112. Akiwa na siku ya ziada, aende kuyaona maporomoko ya Kalambo mpakani mwa Zambia, ambapo maji huanguka zaidi ya meta 200. Huko, upande wa Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wa kale kiasi cha miaka 476,000 iliyopita. Mwalimu akisimama hapo, hawezi tena kuwaambia wanafunzi wake kwamba ufundi uliletwa kwetu na meli. Kasanga kwenyewe atakuta magofu ya boma la Wajerumani walioiita Bismarckburg.

Kutoka Kasanga apakie baiskeli chomboni na kuelekea kaskazini. Hapa ndipo elimu ya upepo inapoingia. Kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa nguvu kulifuata ziwa kwa urefu wake. Chombo chenye tanga kikitoka Kasanga wakati huo huwa na upepo nyuma yake. Kurudi ndiko kugumu, maana lazima kibishe, huku na huku, kikipoteza siku. Kwa hiyo msafiri mwenye busara harudi kwa maji. Anafuata pwani, akilala Kala, Wampembe na Ninde, hadi kwenye visiwa vilivyo mkabala na Kipili na Kirando. Hapo anateremsha baiskeli, anapanda mlima kwenda Namanyere, kisha anarudi Sumbawanga kwa njia ya Chala, uwanda wote ukiwa mbele yake. Mtumishi ana siku 28 za likizo kwa mwaka. Mwalimu ana mapumziko ya mwezi wa Juni, ambao ni mwezi wa ukame na wa upepo huo. Nusu ya siku hizo yatosha.

Atapata nini? Kwanza, atajifunza sayansi ambayo imo mlangoni mwake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani. Upepo ule wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini, ndio upande wa Kasanga, maji ya chini yenye rutuba hupanda kuchukua nafasi yake. Vijimea visivyoonekana kwa macho hustawi, vidudu vya majini hula vijimea, dagaa hula vidudu, na migebuka hufuata dagaa. Kwa hiyo upepo unaosukuma tanga ndio unaolisha pia soko la Sumbawanga. Mwaka 2003 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa limekuwa likipata joto, upepo umepungua, maji hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wa vijimea hivyo umeshuka kwa kiasi cha asilimia 20. Mvuvi mzee aliyezeeka na tanga lake anao ushahidi wake juu ya jambo hilo. Nani amemwuliza? Mzee huyo akifa, na mwanawe akawa amezoea mashine ya petroli tu, majina ya pepo na dalili za mawingu yatakwenda naye kaburini. Wanafunzi wa shule moja ya mwaloni, wakiongozwa na mwalimu mmoja mwenye daftari, wangeweza kuyahifadhi yote kwa muhula mmoja.

Pili, na hili ndilo kubwa, atajifunza uamuzi. Ofisa aliyesukuma baiskeli kupanda mlima wa Kipili ataliona jalada la barabara ya kijiji kwa macho mengine. Mwalimu aliyelala Ninde ataelewa kwa nini mwalimu mwenzake aliyepangiwa huko aliomba uhamisho, na kwa nini mwanafunzi hakufika siku ya mtihani kwa sababu ziwa lilichafuka. Mganga aliyeona mawimbi ya mwezi wa Julai hatauliza tena kwa nini mama mjamzito alichelewa kuletwa. Wazee wetu walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Katika utumishi pia mambo yote hurejea ngamani, kwa mwananchi wa chini kabisa, na asiyewahi kukaa ngamani hawezi kusema kwamba anakijua chombo.

Najua hoja zitakazotolewa. Itasemwa kwamba ziwa huua. Ni kweli. Taifa hili limelia kwa MV Bukoba mwaka 1996, kwa Spice Islander mwaka 2011 na kwa MV Nyerere mwaka 2018, na kila mara somo lilikuwa lile lile la kujaza watu kupita kiasi. Lakini hoja hiyo hainipingi, inanisaidia. Kama chombo kisichofaa kumpakia ofisa kwa sababu ya hatari kinafaa kumpakia mkulima na watoto wake kila juma, basi tatizo si pendekezo langu. Siku ofisa atakapoketi humo bila jaketi la kuokolea, ndiyo siku atakapouliza majaketi yako wapi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutolewa. Unapaswa kubandikwa na kusomwa kila mwalo, si kubaki redioni mahali ambapo betri zimekwisha. Shirika la uwakala wa meli, TASAC, linao wajibu wa kusimamia usalama wa vyombo; ukaguzi wake uifikie mitumbwi na mashua za mialo ya mbali kama unavyozifikia meli bandarini.

Itasemwa pia kwamba gari ni maendeleo na baiskeli ni kurudi nyuma. Sijasema tuyatupe magari. Mgonjwa anahitaji gari, tena upesi, na vijiji vya mwambao vinahitaji boti ya kumkimbiza mgonjwa hospitali. Ninachokataa ni barabara inayojengwa kana kwamba ni wenye magari tu wanaoishi kandokando yake. Tulipowahi kuwa na kampuni ya umma ya kutengeneza baiskeli, NABICO, ilikuwa ni kukiri kwamba magurudumu mawili ni chombo cha taifa. Kampuni ilikwisha, waendesha baiskeli hawakwisha. Wapewe ukingo wa kutosha wa lami, ili mchuuzi wa dagaa asichague kati ya mtaro na lori. Na kila chombo cha umma kitakachohudumia ziwa kiwe na mahali maalumu pa kuweka baiskeli na nauli yake iwe ndogo, maana kwa abiria wa Wampembe safari haiishii gatini.

Hoja ya mwisho haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo yenye nguvu: hadhi. Mkuu wa shule ataonekanaje akifika Kirando akiwa amelowa maji na mguu wa suruali umekunjwa? Ataonekana kama watu wa Kirando. Kama hilo linamwondolea hadhi, basi hadhi hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya gari.

Ufipa ina walimu vijana wengi waliozaliwa mikoa mingine, ambao walilia walipopangiwa Rukwa wakidhani wamefungwa. Nawasihi wao hasa. Mwezi wa Juni upepo wa kusini utavuma kama kawaida, nao hautozi nauli. Ziwa lipo mteremkoni, chini ya miguu yao. Watafute baiskeli imara na breki mbili nzuri, nahodha mzee anayekubali kusema hapana anga linapobadilika, majaketi ya kuokolea ya kutosha na daftari moja. Na wakuu wao wa kazi wawape ruhusa bila kuwacheka; au, lililo bora zaidi, wafuatane nao.